Mtoto wa mvua ya kwanza: kisa cha njiti wa gramu 1,420

Mama mwenye mtoto ameniruhusu niandike, ila kasema jina lake nisilitaje na la mtoto pia, basi nitamwita mama tu. Mimi ni nesi mkunga, kituo cha afya nje ya Dodoma mjini, njia ya Singida, ukiacha lami unaingia ndani kilomita 12 za vumbi. Nina miaka 11 kwenye kazi hii na watoto njiti nimepokea wengi, wengine saa hizi wako shule ya msingi, wengine tuliwazika. Huyu wa Julai yuko hai. Na bado kisa chake kinaninyima usingizi kuliko vya wale waliofariki, mana kila nikikirudia naona kwamba pale alipotaka kutuponyoka sio pale sisi tulipokuwa tunapaogopa.

Ilikuwa tarehe 13 Julai. Anayeijua Dodoma anajua Julai ilivyo, mchana jua kali, usiku upepo unaoingia hadi kwenye mifupa, digrii 13 au 14 ni kawaida. Saa 6:40 usiku bodaboda ikaingia getini, mama kakaa katikati na nyuma yake mama mkwe wake kamkumbatia asianguke. Chupa ilikuwa imepasukia njiani, khanga imelowa yote. Miaka 23, uzao wa pili, wa kwanza alijifungua salama na mtoto ana miaka minne. Nikampima, njia imefunguka sentimita 6, mapigo ya mtoto tumboni 148, mama hana homa, maji ni meupe hayana harufu. Kadi ya kliniki inasema mimba ni ya wiki 35.

Lile tumbo halikuwa la wiki 35. Ukishapapasa matumbo miaka yote hii mkono unakwambia, ila mkono sio kipimo, nikachukua utepe nikapata sentimita 29, na maji yalishamwagika kwa hiyo hata utepe wenyewe huwezi kuuamini moja kwa moja. Nikamuuliza hedhi ya mwisho aliona lini, akasema tarehe haikumbuki. Nikabadilisha swali, nikamwambia haya, wakati ule mlikuwa mnafanya kazi gani shamba? Hapo hapo akajibu, katikati ya uchungu: "Tulikuwa tunapanda uwele, mvua ya kwanza ndo imenyesha, nakumbuka mana nilikaa nyumbani siku mbili tumbo linaniuma." Mama mkwe akadakia, "Ni kweli mwanangu, na mimi nilimsema kwamba anakwepa jembe."

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu na hakuna mkulima asiyejua ya kwanza ilinyesha lini, ni kama tarehe ya kuzaliwa. Mwaka ule ilishuka wiki ya kwanza ya Desemba, bibi akasema tarehe 6 mana kesho yake walikuwa na msiba jirani. Nikahesabu, Desemba 6 mpaka Julai 13 ni siku 219, yani wiki 31 na siku mbili. Kadi ilikuwa imemwongezea karibu mwezi mzima.

Kwenye kadi hedhi ya mwisho imeandikwa 10 Novemba. Nilimuuliza baadae hiyo tarehe aliitoa wapi akasema hakuitoa yeye, alipoanza kliniki mwezi wa nne aliulizwa akasema hakumbuki, yule nesi wa zahanati akapima tumbo kwa utepe, akarudisha hesabu nyuma, akajaza. Namuelewa kabisa, kile kisanduku hakitakiwi kibaki wazi, na mimi mwenyewe nimeshajaza visanduku hivyo mara nyingi. Utrasaundi hakufanya hata moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka apate moja kabla ya wiki 24 ili umri wa mimba ujulikane vizuri, ila mashine iko mjini, na mjini ni nauli na siku nzima ya kazi.

Nawaomba mnivumilie nikae kidogo kwenye hii hesabu ya wiki, mana watu wengi wanaiona ni mambo ya makaratasi. Ipo sindano ya deksamethasoni, ni steroidi, bei yake ndogo, iko kwenye kabati la dawa la vituo vingi. Mama anayeelekea kujifungua kabla ya wiki 34 ukimchoma miligramu 6 kila baada ya saa 12 mara nne, mapafu ya mtoto yanakomazwa haraka, anapozaliwa yale mapovu madogo ya ndani ya mapafu hayashikani akashindwa kupumua. Nchi tajiri wanaitumia miaka mingi. Wakaja watafiti wakasema basi tuieneze hadi vijijini kwenye nchi sita, Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia, na majibu yaliyotoka 2015 yalishtua watu, watoto wadogo hawakupona zaidi, na ukichukua watoto wote kwa ujumla vifo viliongezeka, kama vitatu na nusu zaidi kwa kila watoto 1,000, na kina mama walioonekana na dalili za maambukizi wakawa wengi zaidi. Kwenye utafiti ule mama asiyejua tarehe yake alipimwa tumbo kwa utepe, kwa hiyo wengi waliochomwa hawakuwa hata na njiti tumboni, na wengi walizalia sehemu ambazo mtoto akishatoka hamna wa kumhudumia. Miaka mitano baadae, 2020, ukatoka mwingine, Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, dawa ile ile, ila safari hii ni hospitali zenye uwezo wa kumpokea njiti na umri wa mimba umehakikiwa kwa utrasaundi. Vifo vya wachanga vikashuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6, na utafiti ukasimamishwa mapema mana faida ilishaonekana.

Dawa ni ile ile jamani. Kilichobadilika ni kwamba huku walijua mimba ina wiki ngapi na kuna mtu anamsubiri mtoto. Ndo mana mimi nikiona kisanduku cha hedhi kimejazwa kwa kukisia moyo unaniuma, mana kisanduku kile ndo kinaamua sindano itolewe au isitolewe.

Basi kwa wiki 31 na bila dalili ya maambukizi nikamchoma dozi ya kwanza saa 6:55. Daktari wa zamu, kijana mzuri sana mwenye bidii, aliniuliza dada kadi inasema 35 tunachoma ya nini, nikamwonesha hesabu ya mvua, akahesabu mwenyewe kwenye simu, akakubali. Tulianza na antibaiotiki. Akapiga 115, ile namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga, wakasema gari litatoka mjini na litafika kama baada ya saa mbili.

Hapo tukabishana kidogo. Yeye alitaka tutafute gari lolote tuondoke muda ule ule, na alikuwa na hoja mana sote tunafundishwa kwamba njiti anasafiri vizuri zaidi akiwa bado tumboni kwa mama yake. Ila sentimita 6, uzao wa pili, chupa imepasuka, kilomita kama 60 na mwanzo wake ni mashimo, mimi nikaona huyu atazalia kwenye gari, gizani, na baridi ile. Nikamwambia daktari tumzalishe hapa, tuandae chumba, tumsafirishe akiwa ametulia. Alikubali lakini alikuwa na wasiwasi na mimi pia nilikuwa nao.

Tulifunga madirisha yote, feni tukaizima (ndio, ilikuwa inazunguka, mtu aliiwasha mchana na hakuna aliyeikumbuka), tukawasha hita. Ambu, kile kifaa cha mkono cha kumsukumia mtoto hewa, nikaitoa kwenye boksi nikaibonyeza mkononi kuona inasukuma hewa, nikaweka na kile kimaski kidogo kabisa. Kofia mbili za sufi. Na mfuko safi wa plastiki, ule mwembamba. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019 na mimi naunga mkono, ila ya kufungashia vitu vya tiba iliruhusiwa na mimi huwa natunza michache misafi kwa kazi hii moja tu. Njiti wa chini ya wiki 32 ngozi yake ni nyembamba inapitisha maji, akitoka amelowa na hewa ya baridi ikimpiga anapoa kama chai kwenye sahani, sasa ukimwingiza kwenye plastiki hadi shingoni akiwa bado na unyevu wake, kichwa kikabaki nje na kofia, ile hewa ya ndani inabaki ya joto. Sio uzushi wa mikoani, Shirika la Afya Duniani lenyewe linaukubali.

Saa 8:25 akatoka. Wa kiume. Amelegea, rangi ya zambarau, hapumui.

Nikamsugua mgongo ndani ya mfuko, mara moja, mara mbili, kimya. Nikabana kitovu nikakata, kumsogeza kwenye meza, kuinua kidevu kidogo, maski, ambu. Ile dakika ya kwanza tunaiita dakika ya dhahabu na hapa Tanzania tuna sababu ya kuiheshimu, yale mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue yalijaribiwa kwenye hospitali 8 za nchi hii na majibu yalichapishwa 2013, vifo vya ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, na vifaa vyenyewe ni ambu, kinyonyeo na mdoli wa kufanyia mazoezi. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, bonyeza, achia, achia, bonyeza, naangalia kifua tu. Kifua kilikuwa hakipandi. Nikarekebisha maski, nikarudisha kichwa, kikapanda. Daktari kashika kitovu anasema mapigo 80, baadae 110, baadae 130. Dakika ya pili na kitu akavuta pumzi yake ya kwanza, akalia kale kalio kadogo kama paka aliyefungiwa stoo. Bibi alikuwa mlangoni akaanza kuomba kwa Kigogo.

Gramu 1,420. Kwa uzito huo ile hesabu ya mvua ilikuwa sahihi.

Ila mtoto anaguna. Kila akitoa pumzi anaguna, na mbavu zinaingia ndani. Oksijeni ya damu 84. Tukamwekea mpira mdogo puani, nusu lita kwa dakika, ikapanda 92 tukaiacha hapo. Nasema tukaiacha mana wapo wanaofungua mtungi wote wakidhani wanamsaidia, kumbe njiti akiwa kwenye oksijeni anatakiwa akae kati ya 90 na 95, ikizidi sana mishipa ya macho inaota vibaya na anaweza kuwa kipofu. Vitamini K nusu miligramu. Joto dakika ya kumi lilikuwa 36.1, kwa mtoto mchanga linatakiwa 36.5 hadi 37.5, tayari ameshapungua pamoja na vyote tulivyofanya.

Baridi kwa njiti sio kutetemeka tu, kwanza hata kutetemeka hawezi. Mafuta ya kuunguza hana, alitakiwa ayapate miezi miwili ya mwisho tumboni. Akipoa mwili unaanza kula sukari ili ujipashe, sukari yenyewe ni ya kijiko, inaisha. Na kazi hiyo inakula oksijeni, ambayo mapafu yake hayaiwezi. Pumzi zinakuwa nzito zaidi, na joto ndo linazidi kushuka. Ni vitu vitatu vinavutana kamba moja, ukikiachia kimoja umeviachia vyote, na mara nyingi kwenye faili utaona imeandikwa amefariki kwa tatizo la kupumua lakini ukifuatilia nyuma unakuta alipozwa kwanza.

Kwa hiyo nikamtoa kwenye mfuko, nikamkausha, nepi na kofia na soksi, nikamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wima kati ya matiti, miguu kama ya chura, nikamfunga kwa khanga ikaze. Ndo kangaruu yenyewe. Ilianza Bogotá huko Colombia mwaka 1978 kwenye hospitali iliyokuwa na watoto wengi na inkubeta chache, na miaka mingi tulifundishwa kwamba ni ya mtoto aliyeshatulia, kwanza umpeleke kwenye mashine, akipona pumzi ndo umpe mama. Hiyo imebadilika. Utafiti wa 2021 uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania ulichukua watoto wa kilo moja hadi gramu 1,799, kundi moja likaanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa hata kabla hawajatulia, lingine likafuata utaratibu wa zamani. Kwenye kundi la zamani walifariki asilimia 15.7, kwenye kundi la kifuani asilimia 12. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaandika mwongozo mpya, kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mtoto wangu wa gramu 1,420 alikuwa katikati kabisa ya watoto wale.

Gari likaja 8:50. Dereva akafungua mlango wa mbele, mana kwa mazoea mtoto anafungwa kwenye blanketi nesi anakaa nae mbele na mama analala nyuma na dripu. Nikasema hapana, mtoto anabaki hapo alipo. Daktari akasita, akasema dada huyu mama ndo kwanza ametoa kondo, akianza kumwaga damu njiani utaonaje na kafungwa mtoto kifuani? Ile hofu ilikuwa ya haki kabisa na sikumpinga. Tulikubaliana hivi, amepewa oksitosini, ile dawa ya kukaza mji wa mimba asimwage damu, tunasubiri nusu saa tuone damu, halafu mimi nakaa nae nyuma, mkono mmoja kwenye tumbo lake nasikilizia mji wa mimba kama uko mgumu, mwingine kwenye mgongo wa mtoto. Kitanda tukainua upande wa kichwa. Mtungi wa oksijeni tukaufunga kwa kamba. Bibi akapanda nae, tena bila kuuliza.

Saa 9:20 tukaondoka, joto la mtoto 36.7. Kwenye mashimo mama alikuwa anazuia kichwa cha mtoto kwa viganja vyote viwili, hakulalamika hata mara moja maumivu yake, alichoniuliza ni kimoja tu: "Nesi, anapumua?" Kila baada ya dakika chache. Nami namjibu anapumua mama, nasikia kwa mkono. Tulifika mjini saa 10:45 alfajiri, kabla hatujashuka nikapima, 36.6.

Nilishusha pumzi. Nikasema moyoni tumemfikisha.

Mapokezi wakasema faili kwanza. Mama apande kiti cha magurudumu, mtoto apimwe uzito. Nikasema uzito tunao, wakasema utaratibu ni upimwe hapa. Akafunguliwa khanga, akawekwa kwenye mzani wa bati, kitambaa kimoja chembamba, mlango wa korido uko wazi kwa sababu watu wanapita. Nepi imelowa, wakaanza kuibadilisha, haikupatikana ya saizi yake, mmoja akaenda kuitafuta. Bibi wa mtoto anaulizwa jina la baba na kijiji na kata. Mama ameshasukumwa wodi ya wazazi, jengo lingine. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika kitabu cha rufaa nasubiri mtu wa kunisainia, na kweli nawaambia niliona kabisa kinachotokea na sikuongea kwa sauti ya kutosha, nilichoka, na niko kwenye kazi ya watu wengine. Bibi ndo aliyevua khanga yake ya mabegani akamfunika.

Dakika 35. Alipoingia wodi ya wachanga joto lilikuwa 35.0 na sukari 1.9, inayotakiwa isishuke chini ya 2.6 hivi. Kilomita 60 usiku wa Julai hazikumpoza, korido ilimpoza.

Wale wenzetu hawakuwa watu wabaya, nawajua, usiku ule wawili walikuwa na watoto zaidi ya ishirini. Ndani ya wodi walifanya kazi nzuri sana. Dekstrosi ya asilimia 10 mililita 3 kwenye mshipa, sukari ikarudi. Wakamweka kwenye sipapu ile ya mapovu, mpira unaingia puani na mwisho wake umezama kwenye chupa ya maji, mapovu yakilia unajua hewa inasukuma mapafu yasijifunge. Kuguna kukapungua asubuhi ile ile. Alikaa kwenye sipapu siku tatu, akapewa na dawa ya kumkumbusha kupumua mana njiti wanasahau, akapata mpira wa kulishia.

Lakini maziwa? Mama yuko jengo lingine, ameambiwa apumzike. Hakuna aliyemwambia akamue. Tone la kwanza lilimfikia mtoto masaa sita baada ya kuzaliwa, na lilifika mana bibi alitembea mwenyewe toka jengo hadi jengo na kikombe kidogo kakifunika kwa kiganja, maziwa ya njano yale, kama kijiko cha chai hayajai. Halafu akauliza kama anaruhusiwa kumshika mjukuu. Nesi wa asubuhi, Mungu ambariki, akamwambia bibi vua hiyo gauni juu tukufundishe. Bibi wa miaka hamsini na kitu akakaa kwenye kiti cha plastiki na mtoto kifuani, mpira wa sipapu umepita begani, masaa manne hakunyanyuka. Mimi nilikuwa nimekuja kuaga. Nikamwambia bibi shikamoo, naondoka. "Marahaba mwanangu. Zamani sisi tulikuwa tunawafunika pamba na kuwaweka karibu na moto," akasema, "sikujua kumbe moto ni mimi."

Mama aliletwa kwa mtoto siku ya pili jioni. Kuanzia hapo walibadilishana, mama usiku, bibi mchana mama akila na kulala. Uzito ukashuka hadi gramu 1,290 siku ya tano, hiyo tunaitegemea, siku ya 14 akarudi alipoanzia, siku ya 29 akaruhusiwa na gramu 1,710, ananyonya mwenyewe.

Sasa turudi nyuma, mana kuna kitu nilikigundua wiki moja baadae nilipopitia kadi yake tena ukurasa kwa ukurasa. Tarehe 10 Julai, siku tatu kabla, alienda zahanati. Imeandikwa: maumivu ya mgongo na kiuno, uchafu ukeni, wiki 34 na siku nne, apewe panado, apumzike, arudi tarehe ya kliniki. Na yule aliyeandika, kwa hesabu aliyokuwa nayo, hakukosea sana, mama wa wiki karibu 35 akilalamika mgongo unaona anakaribia tu. Lakini ukiweka hesabu ya mvua siku ile alikuwa wiki 30 na siku sita. Maumivu ya kiuno na uchafu kwa wiki 30 ni rufaa siku hiyo hiyo. Angefika mjini tarehe 10 jioni, dozi nne za deksamethasoni zinaisha tarehe 12 asubuhi, chupa inapasuka akiwa kitandani hospitali, mapafu yameshakomaa, mtoto anazaliwa ghorofa moja na sipapu. Badala yake alipata dozi moja saa moja na nusu kabla ya kuzaliwa, muda ambao dawa haijaanza hata kufanya kazi ya maana. Siku tatu zile zilikuwepo, zilifichwa na tarehe iliyojazwa kwa kukisia mwezi wa nne.

Tanzania imeshusha sana vifo vya kina mama, takwimu za kitaifa za 2022 zinaonesha 104 kwa vizazi hai 100,000 wakati zile za 2015/16 zilikuwa 556. Vya watoto wachanga zimetoka 25 kwa kila 1,000 hadi 24. Moja tu. Nimezitazama hizo namba mbili usiku mwingi nikiwa zamu. Magari yameongezeka, vyumba vya upasuaji vimejengwa, na mama anafika hai, halafu mtoto anatuponyoka kwenye vitu ambavyo havina hata jina la ugonjwa, mlango wa korido, nepi ya saizi, jengo la mama kuwa mbali na la mtoto.

Kituoni kwetu tumebadilisha mawili. Mama asiyejua tarehe tunamuuliza shamba, ulikuwa unapanda, unapalilia, unafukuza ndege au unavuna, na tunaandika hivyo hivyo pembeni ya kadi kwa kalamu, hata kisanduku kibaki wazi, na akionekana chini ya wiki 24 tunambana mume tarehe hiyo hiyo aahidi nauli ya utrasaundi. La pili, mtoto akipewa rufaa kifuani tunaandika kwa maandishi makubwa juu ya fomu: ASIFUNGULIWE MPAKA WODINI, UZITO UMESHAPIMWA. Mara ya kwanza mapokezi walikasirika. Mara ya pili nilikwenda mwenyewe na nikaongea kwa sauti, mtoto akapitishwa moja kwa moja. Mara ya tatu sikuwa zamu, na nilipouliza nikaambiwa alifunguliwa.

Mama alinipigia juzi. Mtoto ana uzito mzuri, anatumia matone ya madini ya chuma, bibi anapeta mtama huku kamfunga kifuani ingawa sasa amekuwa mzito. Kipimo cha macho kilitakiwa kwenye wiki ya nne, wakakikosa mana aliruhusiwa siku moja kabla daktari wa macho hajapita. Wamepangiwa Jumanne. Nimemwambia atoke na gari la alfajiri, nitakuwa stendi.